Mwaka Kogwa Makunduchi: natoka Dodoma na familia, nielekezeni

Seremala wa Nala

Habari za jioni wanajukwaa.

Nakaa Nala, nje kidogo ya mji wa Dodoma, kazi yangu useremala. Bahari nimeiona nikishuka Dar kufuata vifaa, pale Kivukoni, ila kuivuka bado. Sasa mama watoto aliona kwenye taarifa ya habari sherehe za Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa watu wa kule Makunduchi, Unguja: wanaume wazima wanatandikana kwa migomba, kina mama wanaimba huku wanacheka, kisha kibanda cha makuti kinatiwa moto. Tangu siku hiyo ukimtajia Forodhani au Nungwi anakwambia huko waende wenye fungate. Yeye anataka Makunduchi, na mimi nimeshasema ndiyo mbele ya mashahidi.

Tutakuwa wanne, na watoto wawili. Wa kike yuko darasa la tano, mdogo ndiyo kaanza la kwanza. Nielekezeni. Tarehe kwanza, maana kila ninayemuuliza ananipa yake. Halafu huko kupigana kukoje? Mimi ni mtu mrefu na nina mabega ya kazi. Nikisimama pembeni nikitazama, hakuna atakayeniona mpinzani? Jingine, mke wangu anaimba kwaya, Anglikana, na shangazi yake ameshamwambia kwamba yale ni matambiko, asije akarudi na vitu vya watu. Sasa moyo wake nusu uko safarini, nusu uko kwa shangazi. Na mwisho, naweza kulala Mjini Unguja, nikaenda asubuhi nikarudi jioni?

Nauli na njia pia, kama yupo aliyepita karibuni kwa treni.

Chilonwa Mjini

Mkuu, mimi nina neno moja tu: usivae shati unalolipenda. Utomvu wa mgomba ukishakaukia kwenye nguo, hiyo ni ya shambani moja kwa moja. Mengine watakwambia wanaojua.

Fundi Cherehani Majengo

Kaka wa Nala, karibu kwetu. Nasema kwetu ingawa mimi ni Mgogo wa Mpwapwa. Nimeolewa Kajengwa, na Kajengwa ni Makunduchi yenyewe. Cherehani yangu iko Soko la Majengo, na wateja wangu wanajua: nguo ambayo hujaifuata mpaka wiki ya Sabasaba, utaipata Agosti.

Naanza na la kulala. Umelitupa mwisho kama jambo dogo, kumbe ndilo lililobeba mengine yote. Usiende ukarudi siku hiyohiyo. Wapo wanaokuja na magari kutoka Mjini na kutoka mahoteli ya pwani, wanasimama uwanjani Kae Kuu simu zikiwa juu, kibanda kinawaka, wanashangilia, na moshi haujaisha wameshawasha injini. Huwa nawaonea huruma. Utamu uko majumbani, kwenye masinia, na wao wanaondoka ndiyo kwanza wali unapakuliwa.

Kule, siku ya mwaka, nyumba isiyopata mgeni wa kulisha imeuanza mwaka vibaya. Wala si ile karibu ya mdomoni huku sufuria limefunikwa. Mama mkwe wangu akipima mchele anampimia na mtu ambaye hajamjua bado. Nilimwona kwa macho yangu katoka mpaka barabarani, kanga begani, akamkamata mkono kijana wa Kizungu aliyekuwa anatafuta gari la kurudi Paje. Akamwingiza ndani, akamkalisha mkekani, akamwekea wali wa nazi na samaki. Kijana hana Kiswahili, bi mkubwa hana Kiingereza, na wali uliisha. Jioni nzima alikuwa anapita kwa majirani kwa visingizio, mara anaazima kinu, mara anarudisha sahani, ili tu aulizwe habari za mgeni wake.

Kwa hiyo ukiitwa, ingia. Usijibu "asante, tumeshakula". Ukiitwa nyumba ya pili, ingia tena, onja hata matonge mawili. Ukikataa, hasara si yako peke yako, na mwenye nyumba naye umemwacha na mwaka wake mkononi.

Tarehe inachanganya watu kwa sababu mwaka wenyewe haufuati kalenda ya ukutani, wala haufuati mwezi kama Ramadhani na Idi. Ni mwaka wa jua, wanauita wa Kishirazi, na asili yake ni Nairuzi ya Waajemi. Wazee wanaugawa kwa miongo ya siku kumikumi, na kwa miongo hiyo ndiyo mkulima alijua lini atayarishe shamba na mvuvi alijua lini upepo unageuka. Una siku 365 bila ile moja inayoongezwa kila baada ya miaka minne, ndiyo maana polepole unasogea ukiupima kwa Januari na Desemba. Siku hizi unaangukia Julai, katikati kwenda mwishoni, kati ya Sabasaba na Nanenane. Usikate tiketi kwa tarehe ya mwaka jana. Subiri itangazwe, au uliza hapahapa mwezi wa sita, nitampigia wifi yangu. Na waombee watoto ruhusa mapema, maana shule zinakuwa zimeshafunguliwa.

Sherehe zenyewe ni siku nne. Ya kwanza ndiyo yenye vita na moto, zinazofuata ni ngoma, chakula, watoto kuzurura na nguo mpya, vijana kushuka pwani usiku. Ukiweza kukaa mbili, kaa mbili.

Sasa mabega yako. Wanaopigana ni wanaume wa upande wa kusini na wa upande wa kaskazini wa Makunduchi. Wanakutana uwanjani, kila mtu na mgomba wake mkononi, na ni kutandikana kweli. Mume wangu hapa Dodoma ni mtu wa mahesabu, shati ndani ya suruali, hapandishi sauti hata mpangaji akichelewesha kodi. Akifika Kae Kuu simjui. Anavaa lile sweta zito la baridi ya Dodoma, juu yake koti, kichwani helmeti ya bodaboda, anakwenda kumtafuta binamu yake, siku zote huyohuyo, kwa ajili ya mpaka wa shamba ambao mimi umenishinda kuuelewa. Wanapigana mpaka migomba inakatika vipande. Wanahema, wanacheka, wanakwenda kula sinia moja. Kinyongo cha mwaka mzima kinatolewa pale, na ukishatoka uwanjani huna ruhusa ya kukifufua. (Mpaka wa shamba wanaufufua, lakini angalau wanasubiri mpaka Septemba.) Mtazamaji haguswi. Simama walipo wazee, watoto wakae mbele yako uwaone. Ila ukiokota mgomba umeshaingia mwenyewe, na kwa umbo lako utapata wateja wengi.

Wakati wanaume wanahangaika hivyo, sisi tunapita tukiimba. Mke wako aingie tu mstarini, hakuna atakayemuuliza katoka wapi. Nyimbo nyingi ni za Kikae, lugha ya huko, zina mafumbo na matusi ya kuchekesha, na wanaume ndio wanaosemwa. Mimi miaka ya mwanzo nilikuwa naitikia kwa sauti kubwa mambo ambayo nikitafsiriwa leo nafunika uso. Anayetajwa kwenye wimbo hatakiwi kukasirika. Avae dera au kanga mbili, kichwa kifunikwe. Binti naye vilevile, nguo ya kufunika magoti. Kaptula yako iache Nala.

Kibanda ni cha makuti makavu. Mtu anaingia ndani, kinawashwa, na anachomoka upande wa pili. Mara ya kwanza utashika kifua, hata ukiwa umeambiwa. Watu wanarusha madongo kwenye moto, kelele zimejaa, na macho yote yanafuata moshi, kwa sababu upande unaoelekea ndio unaosomwa kwamba mwaka utakuwaje. Mume wangu na mama yake hawajawahi kukubaliana ulielekea wapi.

Kuhusu shangazi, sitakwambia ni mchezo mtupu. Mganga yupo, na kuna mambo ya wazee yanayofanyika ambayo mgeni haonyeshwi, na mimi mke wa mtu wa huko sionyeshwi pia. Hata Waislamu wa hukohuko, wapo wenye msimamo ambao Kae Kuu hawakanyagi siku ile. Wanakaa majumbani na kupokea wageni. Kwa hiyo mke wako ana nafasi ya kuchagua. Kama moyo wake hautaki moto, akae jikoni na mama mkwe wangu wakune nazi, alasiri atoke kwenye ngoma. Hakuna atakayempaka kitu wala kumnywesha kitu. Mimi nimelelewa kwaya hiyohiyo ya Anglikana, na nilipoambiwa haya nikiwa mchumba nilikwenda na biblia kwenye mkoba. Bado ninaibeba, mama mkwe ndiye anayenikumbusha nisiisahau mezani.

Njia. Treni ya SGR ndiyo rahisi, nauli ya kawaida Dodoma hadi Dar ni 31,000 kwa mtu mzima, watoto wadogo nusu. Keti dirishani watoto waone mahandaki kule Kilosa. Ukishuka Dar, boti haziko mbali na stesheni, zipo barabara ya Sokoine karibu na kanisa la Mtakatifu Joseph. Kwa bajaji ni muda mfupi. Tiketi ya boti nunua dirishani kwa jina lako, mtu yeyote anayekufuata nje ya geti akikuita "bosi" mpite. Pasipoti haihitajiki, sisi ni nchi moja, lakini kitambulisho wanakiangalia, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe kwenye mkoba.

Boti ya kasi ni kama saa mbili. Hapo pa kutapika nitaandika nikimaliza sare za watu, cherehani inanisubiri.

Mkae wa UDOM

Assalaam alaykum. Mie ni mtu wa Makunduchi, nasoma hapa UDOM. Wifi yetu wa Majengo kasema kweli tupu, ila naongeza machache.

Ukishafika Mjini, gari za Makunduchi ni namba 310. Njia inapita Tunguu, inapita msitu wa Jozani, halafu Kitogani na Muyuni. Jozani mkitaka kushuka kuwaonesha watoto kima punju, shukeni wakati wa kurudi, si wakati wa kwenda. Kima hao hawapatikani popote duniani ila Zanzibar, lakini siku ya mwaka hawatawasubirini na gari ikijaa haisimami. Siku ile gari zinajaa mapema na bei za teksi zinapanda. Fikeni siku moja kabla. Msiwe na hofu ya kulala. Makunduchi si kijiji cha vibanda, kuna hata maghorofa ya Wajerumani kama ya Michenzani. Nyumba za kulala wageni zipo Jambiani na Kizimkazi kwa karibu, na chumba cha kupangishwa kwa mtu hakikosekani mkiuliza mapema.

Jengine, muda. Siku hizi anakuja mgeni rasmi, kuna jukwaa, vipaza sauti na hotuba. Sie tulokulia pale tunaona hotuba zimerefuka kuliko vita. Ukiambiwa mambo yanaanza saa tatu, watoto wapewe chai nzito, mchukue na maji. Kae Kuu ni uwanja wa wazi na kivuli ni cha kugombania.

Na asubuhi msikose kushuka pwani. Watu huenda kukoga baharini, ndiyo mambo ya mwaka yenyewe. Ardhi ya kwetu ni mawe, chukueni viatu vya kutosha.

Siku ya pili mkiwa mmeshiba nendeni Kizimkazi Dimbani, ni karibu. Kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kwa nje utapita ukidhani ni msikiti wa kawaida wa bati. Vueni viatu, bibi ajifunike, mwenyeji atakuonesheni kibla. Pomboo pia wapo, lakini Julai bahari ya kule haina adabu, msilazimishe.

Musisahau pia kwamba si Makunduchi tu. Hata Jongowe, kisiwa cha Tumbatu, wanakoga mwaka. Sie tunasema wao wametuiga, wao wanasema vyengine.

Mzee wa Chamwino

Nimesoma yote, nimefurahi. Lakini kaka wa Nala, hapo ulipo na Chamwino ni pua na mdomo. Kila mwaka kiangazi kuna tamasha la muziki wa Kigogo hapa, zeze, ilimba, kina mama wanapiga muheme mpaka vumbi linasimama. Wazungu wanapanda ndege kuja. Wewe jirani hujawahi kufika, unavuka bahari kwenda kuangalia ngoma za watu. Hukwe Zawose alipiga ilimba duniani kote, nyumbani kwao watu wanauliza habari za migomba.

Sikukatazi. Nakukumbusha tu.

Seremala wa Nala

Shikamoo mzee. Nimekuja Chamwino, viti vya jukwaani vya mwaka ule niliviunga mimi, kwa hiyo ngoma niliisikia nikiwa chini ya jukwaa na nyundo. Muheme naujua, mama yangu alikuwa anaupiga.

Wifi wa Majengo, umenisaidia kuliko nilivyotarajia. Nimemsomea mke wangu kuanzia mwanzo, nilipofika kwenye biblia ya mkobani alicheka akasema huyu mama tutafutane. Shangazi bado hajasomewa. Sasa naona lile la kwenda na kurudi tumelifuta. Nina swali: hao mama mkwe, tutawajuaje? Siwezi kukaa barabarani na familia nikisubiri kukamatwa mkono.

Fundi Cherehani Majengo

Nimerudi. Nimeshona sketi saba za shule, macho yanauma, kwa hiyo nitaandika kwa ufupi. (Mume wangu anasema sijui ufupi.)

Hamtasubiri barabarani. Nitumieni ujumbe humu wiki mbili kabla, nitamwambia bi mkubwa kwamba anao wageni wanne kutoka Dodoma, na mmoja ni seremala. Hilo la useremala litamfurahisha zaidi, ana mlango wa uani unaoburuza sakafuni tangu mvua za masika. Usije na zana, utaharibu sherehe yako. Lakini ukija na randa ndogo sitasema kitu.

Bahari. Julai ni msimu wa kusi, upepo unavuma kutoka kusini, na mkondo ule wa kati ya Dar na Unguja unaamka. Asubuhi kwa kawaida kuna afadhali kuliko alasiri, kwa hiyo kama mnaweza kulala Dar kwa ndugu na kupanda boti ya kwanza, fanyeni hivyo. Kaeni chini, nyuma, karibu na katikati. Kule juu mbele ambako vijana wanakimbilia kupiga picha ndiko kunakoruka. Watoto wale kitu kikavu, mkate au kiazi, saa moja kabla. Wasipande na tumbo tupu wala na chipsi. Tangawizi mbichi ya kutafuna, ndimu ya kunusa. Vidonge vya kichefuchefu vipo duka la dawa, uliza kipimo cha mtoto, na vinywe kabla ya kupanda, si ukishaona mawimbi. Wahudumu wanagawa mifuko, chukua ya akiba. Na usimtazame mtu anayetapika, hiyo inaambukiza kuliko mafua.

Mzee wa Chamwino, shikamoo. Mama mkwe wangu nilimleta Dodoma akaona muheme. Alisema wapigaji ni hodari, tatizo hakuna mtu aliyemlisha.

Mzee wa Chamwino

Marahaba. Mwambie aje tena, safari hii afikie kwangu. Mlenda upo, na kuku yupo.

Ipagala Kwa Mama Neema

Samahani naingilia. Nina mgeni kutoka Ujerumani anafanya kazi ya kujitolea hapa, naye kausoma uzi huu kwa msaada wangu anataka kwenda. Yeye anahitaji nini zaidi ya sisi?

Mkae wa UDOM

Wageni wa nje wanatakiwa wawe na bima ya safari ya Zanzibar, ilianza Oktoba 2024, dola 44, wanalipia mtandaoni kabla ya kufika. Bima aliyokata kwao haiondoi hii. Pasipoti yake pia abebe, bandarini ataulizwa. Sisi Watanzania hiyo bima haituhusu. Na mwambie mapema habari ya mavazi, pwani ya hoteli na kijiji ni vitu viwili tafauti. Picha za watu aombe kwanza, hasa kina mama wakiimba.

Chilonwa Mjini

Mwambieni Mjerumani na yeye, shati.

Seremala wa Nala

Imekaa vizuri. Randa nitabeba. Mke wangu anauliza zawadi, tusiingie nyumba ya watu mikono mitupu. Alikuwa anafikiria nazi na viungo, nikamwambia hapo ni kuwapelekea wao vitu vyao. Zabibu za Julai hazipo. Kuna jirani yangu kapendekeza chupa mbili za mvinyo wa Dodoma.

Fundi Cherehani Majengo

Jirani yako anataka nikupoteze. Mvinyo unabaki Nala.

Peleka mafuta ya alizeti, dumu la lita tano, yale yaliyokamuliwa hapahapa. Kule mafuta ya dukani wanayo, lakini yetu wanayasifia, na bi mkubwa akiyapata anayaficha mpaka Idi. Karanga za Dodoma kilo mbili, asali ya Manyoni chupa moja kama unapata ya kweli. Ubuyu mweupe pia, usiotiwa rangi wala sukari, wao wanautengeneza wenyewe wanavyojua. Watoto wabebe peni na madaftari wagawie wenzao, wataelewana haraka. Dumu lifungwe vizuri kwa nailoni na plasta kwenye kizibo, niliona moja likimwagika botini na kusi lile, ngazi nzima ikawa kama barafu, mabaharia walitutafuta mwenye mzigo mpaka Unguja.

Mke wako mwambie anitafute Majengo hata kesho, upande wa vitambaa, aulize fundi wa mashuka. Dera lake na la binti nitashona kabla sijafunga cherehani, na vipimo vya mtoto avilete na nafasi ya kukua.

Mkae wa UDOM

Seremala, madumu yawe mawili. Bi mkubwa wangu mie anakaa nyumba ya tatu kutoka hapo, na yeye mgeni anamtaka.

Seremala wa Nala

Mawili. Nani anajua kama treni wanaruhusu lita kumi?